Je, Wajua? Kuku mgeni asiingie bandani siku ya kwanza

Kuku uliyemnunua sokoni Baraka, katika eneo la Fizi, anaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe tayari ana kideri. Ugonjwa huu, uitwao pia Newcastle, hujificha mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya dalili, na unaweza kumaliza banda zima lisilochanjwa. Kwa hiyo mtenge mgeni wiki 2 hadi 4, mwenye chombo chake cha maji. Wahudumie wenyeji kwanza, yeye mwisho. Hapa usilegee hata kama ua ni mdogo. Kwa familia nyingi za Fizi, kuku ndio akiba ya karo na dawa.

Kisha huja suala la vyeo. Mapema miaka ya 1920, Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei alieleza kwamba kila kuku hujua amdonoe nani na amkimbie nani. Mgeni huvuruga mpango huo. Waache wageni na wenyeji waonane kupitia wavu siku kadhaa, halafu waingize wageni wawili au zaidi pamoja, giza likiingia, na uongeze vyombo vya chakula. Kudonoana siku chache ni kawaida. Damu ikitoka, mtoe aliyejeruhiwa mara moja, maana wekundu huwavuta wenzake wazidi kumdonoa.