Yehova Yire Ni Jina la Mahali

Swali huja karibu kila baada ya kipindi cha Biblia, na halibadiliki: "Mwalimu, mtu akitafuta ada ya mtoto ataje Yehova Yire au El Shadai?" Mwenye mgonjwa ameshaambiwa aite Yehova Rafa. Mwenye kesi mahakamani amepewa Yehova Nisi. Orodha inazunguka kwenye simu, jina upande huu, shida upande ule, na chini yake maelekezo kama ya duka la dawa: mara saba alfajiri, mara saba usiku wa manane.

Hilo ni swali lililokosewa tangu mwanzo, na anayeuliza anaweza kujionea mwenyewe akifungua Biblia.

Mwanzo 22:14. Ibrahimu amemwona kondoo dume aliyenaswa pembe kichakani, amemtoa sadaka badala ya mwanawe, ndipo anapopaita mahali pale Yehova Yire. Anapaita. Ni mahali mlimani, na hakuna popote katika Maandiko ambapo mtu anamwita Mungu kwa jina hilo. Kutoka 17:15: Yehova Nisi ni madhabahu, Musa aliijenga baada ya Waamaleki kushindwa. Waamuzi 6:24: Yehova Shalomu nayo ni madhabahu, ya Gideoni kule Ofra, na msimulizi anasema ilikuwa ingali imesimama siku zake. Yehova Shama, neno linalofunga kitabu cha Ezekieli, ni mji. Basi tuna mahali pamoja, madhabahu mbili na mji. Wenyeji wa pwani husimulia kwamba Bagamoyo ni pale wapagazi walipobwaga moyo, lakini hakuna anayedhani Bagamoyo lilikuwa jina la mpagazi. Mji umebeba kumbukumbu ya kilichowapata watu pale. Majina haya nayo ni hivyo hivyo.

Tena tazama yale matatu ya kwanza yalitolewa lini. Kondoo amekwisha kupatikana, vita vimekwisha, Gideoni aliyedhani atakufa kwa kumwona malaika ameshaambiwa hatakufa. Ni ushuhuda wa jambo lililopita. Ibrahimu hakupanda mlima akirudia neno lolote ili kondoo atokee.

Yehova Rafa ndiyo inayoumiza watu zaidi. Katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka 1952, jina hilo halimo kabisa; Kutoka 15:26 inaeleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba BWANA ndiye anayewaponya watu wake, pale Mara, baada ya maji machungu kuwa matamu. Orodha zimetufikia kupitia Kiingereza, ndiyo maana wengi hutamka "Jehova Jire" kwa j ambayo Kiebrania hakina. Na "Yehova" yenyewe ina historia. Kiebrania kiliandika konsonanti nne, YHWH, zaidi ya mara 6,800 katika Agano la Kale. Wayahudi, kwa heshima, walipozifikia walisoma Adonai, yaani Bwana, na wanakili wakazitilia alama za irabu za Adonai ili msomaji akumbuke. Wasomi Wakristo wa Ulaya katika Zama za Kati wakasoma konsonanti za neno moja na irabu za jingine, ikatoka Yehova. Si dhambi kulitamka. Vizazi vimemwabudu Mungu kwalo. Ila anayefundisha kwamba nguvu imo katika sauti ya jina, aeleze kwanza ni sauti ipi.

Imani hiyo ina asili yake, nayo si kanisani. Misri ya kale imetuachia mafunjo ya uganga yaliyoandikwa kwa Kigiriki. Moja kubwa la karne ya 4, lililohifadhiwa Paris, linachanganya majina ya Mungu kama Iao, Sabaothi na Adonai na yale ya miungu ya Misri, na linamtumia hata Yesu, likimwita mungu wa Waebrania, kufukuzia pepo. Mganga alikusanya majina kama anavyokusanya mizizi. Wana saba wa Skewa walijaribu hayo hayo huko Efeso (Matendo 19): walilitaja jina la Yesu, pepo akawauliza wao ni nani, wakatoka mbio uchi na majeraha. Jina lilikuwa sahihi, hawakutumwa. Mtoto akifika dukani akasema "Mama amenituma," muuzaji humpimia unga kwa mkopo kwa sababu anamjua mama na anajua kweli amemtuma. Maneno yale yale kinywani mwa mwizi hayampatii hata kiberiti. Ndiyo maana ya "kwa jina la".

Ya kufanya ni machache. Ukikutana na jina, tafuta aya, uone nani alilitoa, kwa kitu gani, baada ya tukio gani. Ukiona BWANA kwa herufi kubwa, hapo Kiebrania kina YHWH. Kristo ni cheo, maana yake mpakwa mafuta. Katika kuomba, Yesu alikataza maneno ya kurudiarudia akafundisha kusema Baba. Mwenye kisukari asiache insulini kwa kuwa anataja Yehova Rafa: nabii Isaya mwenyewe aliagiza tini ziwekwe kwenye jipu la mfalme Hezekia.

Na anayetaka jina ambalo kweli mtu alimpa Mungu, asome habari za Hajiri, mjakazi Mmisri, mjamzito, aliyemkimbia bibi yake hadi kwenye chemchemi jangwani. Aliambiwa arudi kwa bibi huyo, Sarai, ndipo akamwita Mungu El Roi, Mungu aonaye. Miaka ikapita, akafukuzwa na mwanawe, maji yakaisha kwenye kiriba. Kama kuna mtu aliyekuwa na jina la kutaja siku hiyo, ni yeye. Hakulitaja. Alimlaza kijana chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali kidogo asimwone akifa, akalia. Na Mungu akaisikia sauti ya kijana.