Mataji ya Kujitwalia: Nani Mkubwa Katika Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani?

Msimu wa mwaka 1941, timu ya Chuo Kikuu cha Alabama ilipoteza mechi mbili, na waandishi wa habari za michezo waliopiga kura wakaiweka nafasi ya 20. Bingwa wao alikuwa Minnesota, ambayo haikushindwa na mtu. Ukifungua leo orodha ya mataji ambayo Alabama inajivunia, utayakuta 18, na la mwaka 1941 ni mojawapo.

Msomaji aliyezoea soka ya kwetu, ambako ubishi wa mataji ya Simba na Yanga humalizwa kwa kutazama msimamo wa ligi wa kila mwaka, atauliza jambo hilo linawezekanaje. Linawezekana kwa sababu NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hutoa ubingwa wa mpira wa kikapu, wa kuogelea, wa riadha na hata wa futiboli ya Kimarekani katika madaraja ya chini, lakini daraja la juu la futiboli hiyo hakijawahi kulitolea ubingwa wake. Timu za daraja hilo ni zaidi ya 100. Kila moja hucheza mechi kama 12 kwa msimu, nyingi dhidi ya majirani wa kanda yake, kwa hiyo miaka nenda miaka rudi wakubwa wa kanda mbalimbali walimaliza msimu bila kukutana. Pengo hilo likazibwa na yeyote aliyekuwa na kalamu: magazeti, wanahesabu wenye kanuni zao, na mashirika ya habari. Associated Press ilianza kura yake mwaka 1936, na makocha wakaanza yao mwaka 1950.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Katika miaka ya 1980 ofisi ya habari za michezo ya Alabama ilipekua kumbukumbu za zamani, ikaongeza kwenye hesabu mataji matano ya kabla ya kocha Bear Bryant, likiwemo hilo la 1941. Wala si Alabama peke yao. Mwaka 2017 chuo cha UCF cha Florida kilishinda mechi zake zote 13 lakini hakikualikwa kwenye mchujo wa timu nne uliotumika wakati huo kumpata bingwa. Kikamaliza msimu kwa kuifunga Auburn, timu ambayo mwaka huohuo ilikuwa imezifunga Alabama na Georgia, wacheza fainali wote wawili. UCF ikajitangaza bingwa na kufanya gwaride. Mimi nawaelewa. Tena kanuni moja ya kihesabu inayotambuliwa katika kitabu cha rekodi cha NCAA iliwaweka wa kwanza, kwa hiyo mwaka huo vitabuni una mabingwa wawili.

Kioja kikubwa zaidi ni cha mwaka 1973. Kura ya makocha ilipigwa kabla ya zile mechi kubwa za mwisho wa msimu, Rose Bowl, Sugar Bowl na nyinginezo, na Alabama ikatawazwa. Kisha ikaingia uwanjani kwenye Sugar Bowl na kufungwa na Notre Dame 24-23. Taji halikurudishwa. Mwaka uliofuata makocha wakahamisha kura yao ya mwisho, ikawa baada ya mechi hizo.

Kwa hiyo anayetaka kuzipanga timu za nyakati zote hana budi kuamua kwanza anahesabu nini. Kigezo rahisi ni idadi ya mataji, nacho kingetupeleka kwa Princeton yenye 28 na Yale yenye 27. Vyuo hivyo vinastahili heshima ya waanzilishi. Princeton ilicheza na Rutgers mechi ya kwanza kati ya vyuo tarehe 6 Novemba 1869, na Walter Camp wa Yale ndiye aliyeupa mchezo huo umbo lake. Lakini Yale ya mwaka 1888 ilifunga pointi 698 bila kufungwa hata moja, na matokeo ya namna hiyo yanaeleza zaidi unyonge wa wapinzani. Ninaanzia 1936.

Hata baada ya 1936 mataji hayana uzito mmoja, na hapa ndipo orodha nyingi zinaponiudhi. Zamani chuo tajiri kiliweza kusajili vijana wengi kwa ufadhili wa masomo, wengine wakakaa benchi miaka yote, almuradi tu wasiende kwa mpinzani. Mwaka 1973 NCAA iliweka kikomo cha wachezaji 105 wenye ufadhili, mwaka 1978 kikashuka hadi 95, na mwaka 1992 hadi 85. Baada ya hapo kijana aliyekosa nafasi kwa mkubwa alikwenda kuwa nyota kwingine. Taji la baada ya 1992 limetoka jasho jingi zaidi, nami nalipa uzito mkubwa zaidi.

Kigezo changu cha pili ni makocha. Kocha mmoja hodari anaweza kukipandisha chuo chochote. Minnesota ilitawala miaka ya 1930 chini ya Bernie Bierman, leo ni timu ya kawaida. Oklahoma ya Bud Wilkinson ilishinda mechi 47 mfululizo kuanzia 1953, hadi Notre Dame ilipokwenda kuifunga 7-0 nyumbani kwake Novemba 1957. Swali langu ni hili: kocha akiondoka, chuo kinabaki na nini?

Kwa vigezo hivyo, wa kwanza ni Alabama, hata nikiyafuta yale mataji ya kuokota. Katika kura za Associated Press peke yake inayo 12, saba kati yake ni ya mwaka 1992 na kuendelea: moja la Gene Stallings na sita ya Nick Saban. Doa lake ni mabonde kati ya vilele. Mwaka 1955 ilipoteza mechi zote 10.

Ohio State inashika ya pili, na kama ningepima uthabiti pekee ingekuwa ya kwanza. Makocha watano tofauti wameipa ubingwa: Paul Brown mwaka 1942, Woody Hayes mara kadhaa, Jim Tressel 2002, Urban Meyer 2014, na Ryan Day katika msimu wa 2024, ule wa kwanza kuwa na mchujo wa timu 12. Associated Press ilipojumlisha kura zake za miaka 80 mwaka 2016, Ohio State ndiyo iliyoongoza.

Notre Dame ni ya tatu kwa mataji yake nane ya kura hiyo, ingawa la mwisho ni la 1988 na mashabiki wake wanaishi kwa kumbukumbu. Ya nne Oklahoma, yenye saba chini ya makocha watatu. Ya tano Michigan, ambayo mwaka 2023 ilikuwa ya kwanza kufikisha ushindi 1,000 na msimu huohuo ikatwaa ubingwa. Wa USC, chuo cha California, watalalamika, na wana haki.

Liko jambo moja ambalo orodha yangu haiwezi kulipima. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 timu nyingi kubwa za Kusini zilikuwa za Wazungu watupu. Septemba 1970 USC ilikwenda Birmingham na kuifunga Alabama 42-21, Sam Cunningham, kijana mweusi, akikimbia yadi 135. Mwaka uliofuata Alabama ikachezesha wachezaji wake wa kwanza weusi. Miongo yote ya kabla ya hapo vipaji vya weusi wa Kusini vilikuwa kwenye vyuo vyao, hasa Grambling ya Louisiana, ambako Eddie Robinson alianza kazi mwaka 1941, mwaka uleule wa taji la ajabu la Alabama. Toka kwake walipatikana Tank Younger, Buck Buchanan na Doug Williams, yule aliyechaguliwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, mwaka 1988. Wapiga kura hawakuwa na macho ya kuitazama Grambling, na vyuo vikubwa vya jirani havikukubali kucheza nayo, kwa hiyo siwezi kuipa namba bila kubuni matokeo. Robinson alimpita Bear Bryant kwa idadi ya ushindi mwaka 1985, na alipostaafu mwaka 1997 alikuwa ameshinda mechi 408.