Changuu: ukodi boti nzima au ulipe kwa kichwa?

Ukifika ufukweni Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, papasi, yaani madalali wa mitaani, watakupokea kabla hujavua viatu. Karibu wote wanauza safari ileile ya Kisiwa cha Changuu, kama nusu saa kwa boti. Swali ni moja: unalipa kwa kichwa au kwa chombo kizima?

Tuchukulie, kwa mfano tu, kichwa ni shilingi 30,000 na boti nzima 90,000. Mkiwa wawili, lipeni kwa kichwa. Watatu, ni sawasawa. Familia ya watu sita ikikodi boti, kila mmoja anatoa 15,000, nusu ya bei ya kichwa. Kiingilio cha kisiwani mara nyingi hakimo humo. Uliza kama kuna bei ya Mtanzania, na chukua kitambulisho.

Hata mkiwa wawili, mimi ningefikiria mara mbili, kwa sababu safari ya pamoja huja na ratiba ya wengine. Aghalabu huunganishwa na fungu la mchanga la Nakupenda, ambalo huibuka maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Basi nahodha huwahi maji: Changuu mnapitishwa mbiombio, kisha mnaachwa kwenye mchanga usio na mti hata mmoja. Picha hutoka nzuri sana. Kupumzika ni jambo jingine.

Na Changuu inataka muda. Kisiwani kuna gereza alilolijenga Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, katika miaka ya 1890, lakini halikupata kufunga mtu. Likageuzwa karantini ya abiria wa meli walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Wageni wengi hulipita upesi wakikimbilia kobe, ambao wao hawakimbii popote. Ukoo wao ulianza na kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Baadaye wizi nusura uwamalize, ndiyo maana leo wanalindwa ndani ya ua. Umri umeandikwa kwa rangi magambani, na wengine wamevuka miaka 100. Mpe mmoja jani, kisha mkune shingo taratibu: ataivuta juu, ajiinue kwa miguu yote minne na kutulia hivyo. Usiombe kuitwa botini wakati huo.

Ukipanga safari kupitia hoteli, bei hupanda kwa sababu ya fungu la dalali, ila unapata mtu wa kumlalamikia. Kwa msafiri wa peke yake, hilo lina thamani.

Chakula nunua soko la Darajani kabla ya kuondoka, maana kila kinachouzwa kisiwani kimevushwa kwa boti. Sambusa, maandazi, matunda na maji ya kutosha. Urojo uache, utamwagika.

Kuanzia Juni hadi Septemba, kusi likivuma, vukeni asubuhi. Mkichelewa hadi alasiri, mtarudi mkiukabili upepo na kulowa. Hesabu majaketi ya kuokolea kabla ya kutaja bei, si baada ya kukubaliana, na yakipungua hata moja tafuta boti nyingine. Saa ya kurudi itajwe mbele ya nahodha mwenyewe, si papasi. Namba ya simu ya nahodha iwe kwenye simu yako, na nusu ya pesa ibaki mfukoni mpaka mrudi Forodhani.