Askari Wawili, Vita Visivyokwisha: Mapenzi katika Bunilizi ya Kisayansi

Mwanafunzi, ukisikia kisa cha askari wawili wanaopendana wakipigana na viumbe wa sayari nyingine, huenda ukadhani ni mambo ya sinema tu. Usidanganyike. Bunilizi ya kisayansi huenda mbali angani ili izungumzie mambo ya hapa ardhini.

Kisa kwa ufupi

Chukua mfano wa The Forever War, riwaya ya Mmarekani Joe Haldeman iliyotoka mwaka 1974. Haldeman mwenyewe alipigana Vietnam na kujeruhiwa huko. Katika riwaya hii, William Mandella na Marygay Potter wanaingizwa jeshini kupigana na viumbe waitwao Taurans. Vyombo vyao husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Kwa kasi hiyo, saa ya msafiri huenda polepole kuliko ya aliyebaki nyumbani, hivyo miezi michache ya askari huwa miaka mingi duniani. Wapenzi hawa wanaporudi, nyumbani si nyumbani tena. Wanarejea jeshini, kisha wanapangiwa vikosi tofauti. Amri hiyo ni kama tanzia: hata wakipona wote, mmoja anaweza kurudi karne kadhaa baada ya mwenzake kuzikwa.

Maudhui

(a) Vita huiba wakati. Askari anaweza kurudi mzima wa mwili, lakini maisha aliyoyaacha yamekwisha.

(b) Chuki hupandwa. Kabla ya pambano la kwanza, akili za askari zimetiwa maneno ya kuwachochea waue. Chuki hiyo si yao.

(c) Adui hajulikani. Mwishowe Mandella anagundua kwamba Taurans hawakuanzisha vita. Vilitokana na kutoelewana, na vilikoma pande mbili zilipoweza kuzungumza.

(d) Mapenzi hupinga vita. Marygay anapanda chombo kinachokwenda kasi ili asizeeke akimngoja mpenziwe. Mwendo uliowatenganisha anaugeuza kuwa njia ya kuwakutanisha. Hiyo ni kinaya.

Linganisha na riwaya yetu

Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi, aliyewahi kuzuiliwa bila kushtakiwa mwaka 1986, anamrusha Dzombo angani katika chombo kama adhabu ya kifo. Dzombo hafi, anatua katika sayari ya Walenisi. Livunje jina hilo: wale ni sisi. Haldeman anahitaji vita virefu kufikia ukweli ambao Mkangi ameuweka katika jina.

Wewe uliye Garissa, Wajir au Mandera una sababu ya kulifikiria jina hilo. Vita vya Shifta viliisha mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki katika eneo hili hadi 1991. Muulize awoowe au ayeeyo jinsi ilivyokuwa kuishi miaka hiyo yote baada ya vita, huku ukitazamwa bado kama adui. Utaielewa hoja (a) na (c) bila kupanda chombo chochote.

Kulijibu swali

"Mapenzi ni silaha dhidi ya vita." Thibitisha ukirejelea The Forever War. (alama 20)

Watahiniwa wengi husimulia kisa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtahini anakijua kisa. Anatafuta hoja zako. Taja hoja, toa mfano, kisha eleza mfano huo unathibitisha nini. Tazama:

Mapenzi hushinda mbinu za jeshi. Jeshi linawatenganisha Mandella na Marygay kwa kuwapangia vikosi tofauti. Hata hivyo, Marygay anatumia kasi ya chombo kumngoja. Hivyo, kifaa cha vita kinageuzwa kuwa cha kuwaunganisha watu.

Sentensi ya mwisho ndiyo wengi husahau, nayo ndiyo hutofautisha jibu kamili na jibu nusu.

Zoezi

1. Eleza jinsi wakati ulivyotumiwa kama adui katika riwaya ya Haldeman. (alama 10)
2. "Adui ni mtu ambaye hatujazungumza naye." Jadili ukirejelea riwaya zote mbili. (alama 20)