Wikiendi Hii Mpeleke Bustanini

Waulize wapenzi wa Dar wanakwenda wapi wikiendi, majibu ni yale yale: ufukweni, sinema, nyama choma. Vyote vitamu, ila vyote vinaishia kwenye bili. Mimi nina wazo la bei nafuu: bustani ndogo za mjini.

Nazungumzia sehemu kama ile bustani ya mimea jirani na Makumbusho ya Taifa, maeneo ya Posta. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 ili kujaribia mazao ya biashara. Leo imezungukwa na maofisi na foleni. Ukipita haraka utaona miti tu. Ukikaa, mambo ni mengine!

Nyumba kwanza, mapenzi baadaye

Mjini hapa, anzeni kutazama minazi. Yule ndege wa njano anayening'inia kichwa chini ni mnana. Dume ndiye fundi: anachana majani, anasuka kiota, kisha anapigapiga mbawa kuita wachumba. Jike anakuja, anaingia, anakagua. Asiporidhika anaondoka zake, na mara nyingi fundi hubomoa akaanza upya.

Kwa chozi, kale kadogo kenye mdomo uliopinda kanakofyonza maua, ni kinyume. Jike ndiye hujenga, akifungia kiota kwa utando wa buibui. Dume husaidia kulisha makinda.

Mimi na mwenzangu tulibishana wiki nzima nani kati yetu ni mnana na nani ni chozi. Kwa watu ambao mazungumzo yao yalikuwa yamebaki kodi, luku na ada ya shule, ubishi ule ulikuwa zawadi.

Msiwahi kuondoka

Jua likizama, popo wakubwa huanza kutoka kutafuta matunda. Msiwaogope, hao ndio wakulima wa usiku: wanasambaza mbegu, na maua ya mbuyu, ambayo hufunguka giza likiingia, yanawategemea kubeba chavua.

Mgeni wa kumwangalia

Kunguru mwenye shingo ya kijivu si wa huku. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 asaidie kumaliza taka, kisha akavuka hadi bara. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na kinachomnenepesha mjini ni mabaki yetu. Kwa hiyo zile chipsi mayai mnazoacha chini ya benchi zinamlisha yule yule atakayevamia kiota cha mnana. Tukiendelea hivyo, tutabaki na kelele za kunguru peke yake.

Basi Jumamosi hii bebeni maji, mfuko wa taka, na simu zikae mkobani. Saa moja inatosha. Mkiwa njiani kurudi, ulizaneni bila kununa: kwetu sisi, nani anajenga na nani anakagua?