Hewa Iingie Nyuma, Itoke Mbele: Tupulize Rangi kwa Usalama



Siku hizi umeme umefika katika vijiji vyetu vingi. Pamoja na umeme zimekuja mashine. Fundi seremala ambaye zamani alipaka vanishi kwa brashi, leo ana kompresa na bomba la kupulizia rangi. Kitanda kinapulizwa kwa dakika chache, kinang'aa, na mteja anafurahi. Wachonga vinyago na watengenezaji wa magari ya mbao ya watoto nao wanapuliza. Hayo ni maendeleo, na sisi tunayapenda.

Lakini wengi wetu hatuna karakana kubwa. Tunafanyia kazi nyumbani, katika chumba cha nyuma au stoo. Mke, watoto na wazee wako ukuta wa pili. Je, rangi ile inayoruka hewani inakwenda wapi? Nyingine inakwenda mapafuni mwetu. Basi leo tuzungumze juu ya hewa ya chumba cha kupulizia rangi.

RANGI INA NINI NDANI YAKE?

Rangi ya mafuta ina vitu vitatu vikubwa. Kwanza ni unga unaoipa rangi yake. Pili ni gundi inayoshikilia unga ule kwenye mbao. Tatu ni kimiminika cha kuilainisha, kama vile thina.

Unapopuliza, yanatokea mambo mawili. La kwanza ni ukungu. Rangi inakatikakatika kuwa matone madogo sana, na mengine ni madogo hata jicho haliyaoni. Hayo ndiyo yanayofika ndani kabisa ya mapafu. Unga wa baadhi ya rangi, hasa za njano na nyekundu, unaweza kuwa na madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

La pili ni mvuke. Thina haikai kwenye mbao. Inakauka na kwenda hewani yote. Mvuke huu hatuuoni, tunausikia kwa harufu tu. Na pua nayo ni mdanganyifu, maana ikikaa na harufu kwa muda inaizoea. Fundi anasema, "Mbona sasa hainuki tena?" Kumbe mvuke upo pale pale, pua ndiyo imechoka.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Chukua chumba cha mita 3 kwa mita 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu. Zidisha: 3 mara 3 mara 2.5. Jibu ni mita za ujazo 22.5. Kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Basi chumba hicho kina lita 22,500 za hewa.

Sasa fundi anapuliza na kumaliza nusu lita ya thina. Thina nyingi zina kemikali iitwayo toluini. Nusu lita ya toluini ikikauka yote, inatoa zaidi ya lita 100 za mvuke.

Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani wamepima jambo hili. Wanasema lita 1 tu ya mvuke huo katika lita 2,000 za hewa ni hatari, na mtu asiye na kinga atoke mara moja. Kwa chumba chetu, lita 11 zinatosha kufikia hatari hiyo. Sisi tumeweka zaidi ya 100! Ndiyo maana fundi anatoka chumbani na kichwa kinamuuma, anaona kizunguzungu, macho yanawasha, na mara nyingine anasikia kama amelewa.

Hayo ni ya siku moja. Ya miaka mingi ni mabaya zaidi. Mwaka 1989 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja kazi ya kupaka rangi kuwa miongoni mwa kazi zinazosababisha saratani. Mvuke pia hudhuru ubongo, ini na figo. Mama mjamzito naye akiuvuta, unamfikia mtoto aliye tumboni.

KWA NINI DIRISHA MOJA HALITOSHI?

Wako wasemao, "Mimi nafungua dirisha." Ni vema, lakini haitoshi. Hewa ni kama maji katika mfereji. Ukifungua upande mmoja na kuziba wa pili, maji hayaendi. Chumba chenye tundu moja hewa yake inazunguka humo humo.

Tena mvuke wa toluini ni mzito kuliko hewa, karibu mara tatu. Haupandi juu kama moshi wa kuni. Unashuka, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango na kuingia chumba cha pili. Nani yuko chini sakafuni? Ni mtoto anayetambaa, na ni mtu aliyelala kwenye mkeka.

CHUMBA KIWEJE?

Kwanza, kiwe na matundu mawili makubwa yanayotazamana. Moja ni la hewa kuingia, upande upepo unakotoka. La pili ni la hewa kutoka, nalo lifike chini karibu na sakafu. Mlango wa nje unafaa sana kuwa tundu la kutokea.

Pili, fundi asimame kati ya tundu la kuingilia na kazi yake. Mgongo utazame upepo. Kitanda kiwe mbele, na nyuma ya kitanda liwe tundu la kutokea. Kwa ufupi: hewa iingie nyuma yako, ipite kwenye kazi yako, itoke mbele yako. Ukisimama kinyume, rangi yote inakurudia usoni.

Tatu, pima kabla ya kufungua kopo. Funga uzi mwepesi kwenye kijiti, uushike mahali utakaposimama. Uzi ukielekea tundu la kutokea, anza kazi. Ukining'inia tu, hewa haiendi, ngoja upepo. Ukielekea kwako, geuza kazi yako.

Nne, tazama hewa chafu inakwenda wapi. Isitokee jikoni, wala dirishani kwa jirani, wala kisimani. Usiondoe sumu kwako ukampelekea mwenzio.

BANDA NI BORA KULIKO CHUMBA

Tukiulizwa mahali pazuri kuliko pote, tutasema banda. Simika nguzo nne, ezeka bati, acha pande wazi. Liweke mbali na nyumba, upande upepo unakokwenda. Gharama yake si kubwa, na vijana watatu wanalimaliza kwa siku chache.

Tunajua mafundi watalalamika: "Nje kuna vumbi, rangi inaharibika." Ni kweli, na ndiyo sababu wengi hujifungia ndani. Lakini vumbi lina dawa yake. Nyunyiza maji chini kabla ya kazi. Piga msasa mahali pengine, usipige hapo hapo. Tundika chandarua kikuukuu upande hewa inakoingia, kizuie wadudu na takataka. Puliza asubuhi, wakati upepo ni mwembamba. Ukianza asubuhi unapata faida nyingine pia: kazi inakauka nje mchana kutwa.

FENI NA KOMPRESA

Feni inasaidia, lakini iwekwe kwa akili. Feni ya kawaida ina mota, na mota inaweza kutoa cheche. Usiiweke kwenye tundu la kutokea, mahali mvuke unapopita. Iweke upande hewa safi inakoingia, nyuma yako, isukume hewa safi ndani. Kompresa nayo ikae nje, upande wa hewa safi. Hujiwasha na kujizima yenyewe, na kila mara swichi yake inaweza kutoa cheche.

Juu ya moto tusifanye mchezo. Hewa ikiwa na sehemu kama 1 tu ya mvuke katika sehemu 100, cheche inaweza kuiwasha. Mvuke hutambaa mpaka kwenye jiko la mkaa au kibatari, moto ukarudi nao mpaka kwenye kopo. Basi zima majiko yote ya karibu, na sigara marufuku. Weka ndoo ya mchanga pale pale. Usimwagie maji moto wa thina, kwa sababu thina huelea juu ya maji na moto unasambaa.

BARAKOA NA MAZIWA

Kitambaa au barakoa ya kawaida haizuii mvuke hata kidogo. Barakoa ya kweli ni ya mpira, yenye vikopo vya mkaa maalumu vya kunasa mvuke na vichujio vya kuzuia ukungu. Ukisikia harufu ya rangi ukiwa umeivaa, ama imekaa vibaya ama mkaa umechoka. Toka, irekebishe au badilisha vikopo. Hata hivyo barakoa haichukui nafasi ya hewa safi. Inamkinga fundi peke yake. Mtoto wa chumba cha pili hana barakoa.

Jihadharini hasa na rangi za magari zinazochanganywa na dawa ya kuzifanya ngumu. Nyingi zina isosianeti, ambazo huleta pumu hata bila harufu ya kukuonya. Barakoa ya mkaa haitoshi kwa rangi hizo. Zinahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Kama huna, usizipulize nyumbani.

Na maziwa je? Mafundi wengi huamini kuwa ukinywa maziwa baada ya kazi, rangi inatoka kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Rangi iko kwenye mapafu. Njia hizo mbili ni tofauti. Kunywa maziwa yako, lakini usiyafanye kuwa kinga.

KAZI IKIISHA

Kupuliza kumekwisha, lakini mvuke unaendelea kutoka mpaka rangi ikauke. Wengine huogopa wezi, wakaingiza kitanda kibichi chumbani wanamolala. Hiyo ni hatari. Kiache bandani mpaka harufu iishe. Ikibidi, mtu alinde nje kwa zamu. Funika makopo. Usihifadhi thina katika chupa ya soda, mtoto ataidhani kinywaji. Oga na ubadili nguo kabla ya kula au kumpakata mtoto.

Mtu akizidiwa na mvuke, mtoe kwenye hewa safi, legeza nguo zake, mpeleke zahanati upesi. Aliyekunywa thina asitapishwe, maana ikirudi inaweza kuingia mapafuni.

Ndugu mafundi, mteja atalipa kitanda mara moja. Mapafu hayauzwi dukani. Kama kazi ni ndogo, tumia brashi au rangi ya maji. Kama ni kubwa, jengeni banda, hata la ushirika kwa mafundi wote wa kijiji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, mafundi hupulizia rangi wapi? Nani anaishi karibu?
2. Pimeni chumba kimoja cha kazi. Kina lita ngapi za hewa?
3. Upepo wa hapa kwetu hutoka upande gani asubuhi? Banda likae wapi?
4. Kwa nini feni isiwekwe mahali mvuke unapotokea?