Je, Wajua? Kelele Zinazoisaidia Kazi

Je, wajua kwamba kelele za wastani zinaweza kuzaa mawazo kuliko ukimya? Mwaka 2012 watafiti Ravi Mehta, Rui Zhu na Amar Cheema waliwapa watu kazi za ubunifu huku wakiwawekea mchanganyiko wa gumzo la mkahawani, magari ya barabarani na ujenzi wa mbali. Waliosikia desibeli 70 walitoa mawazo mapya zaidi ya wale wa 50. Zilipofika 85, mawazo yakakauka. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya kubuni. Anayefunga hesabu za duka mwisho wa mwezi asijitetee kwa utafiti huu.

Desibeli nazo hazihesabiwi kama kilo za sukari. Kutoka 60 hadi 70, nguvu ya sauti hupanda mara 10, ingawa masikioni huonekana imezidi maradufu tu.

Je, wajua adui mkubwa wa umakini? Si jenereta wala mvua juu ya bati. Ni maneno ya watu. Mwaka 1976 watafiti Colle na Welsh waliwapa watu herufi za kukariri huku mtu akisoma Kijerumani pembeni. Wasikilizaji hawakukijua Kijerumani, na bado walikosea zaidi kuliko walipoachwa kimya.

Na kuna anayekera kuliko wawili wanaopiga soga: mmoja aliye kwenye simu. “Haloo... ehee... acha wee!... nani, yule yule?... Sasa mama yake alisemaje?” Kisha anyamaze. Hapo umeshasahau ulikuwa mstari wa ngapi, maana na wewe unataka kujua mama alisemaje. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa watu kazi ya kufuatilia kidoti kwenye skrini ya kompyuta. Waliosikia upande mmoja wa mazungumzo waliboronga. Waliosikia pande zote mbili hawakusumbuka. Ubongo hukisia neno linalofuata, na nusu ya mazungumzo haikisiki.

Ndiyo maana feni chakavu ni rafiki wa mwandishi. Haifuti sauti ya jirani, inaifunika tu, hadi konsonanti zipotee na maneno yabaki mvumo. Kinachoitwa kelele nyeupe kina masafa yote kwa nguvu sawa, kama redio iliyo katikati ya vituo viwili. Ile ya waridi hupunguza masafa ya juu, ikawa laini kama mvua. Marekani, kampuni ya Marpac iliuza kifaa cha kazi hiyo tangu 1962, na ndani yake mlikuwa na feni ya kweli.

Je, wajua kwamba dawa hii haimfai kila mtu? Göran Söderlund na wenzake, 2007, walikuta kelele nyeupe ikiwasaidia watoto wenye ADHD (tatizo la kutulia na kumakinika) kukumbuka mambo, huku ikiwaharibia wenzao wasio na hali hiyo. Darasa moja, spika moja, matokeo mawili.

Habari za muziki wa Mozart kuongeza akili? Zilianzia kwa wanafunzi 36 wa chuo mwaka 1993, na faida yenyewe iliisha ndani ya robo saa hivi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia Juni 1940, BBC ilirusha kipindi cha muziki maalumu kwa wafanyakazi wa viwandani. Wimbo mmoja wa Kimarekani wenye makofi ulipigwa marufuku katika kipindi hicho, kwa kuwa watu waliacha zana ili wapige makofi, au walipiga kwa zana zenyewe.

Je, wajua kwamba kazi ya mikono hainuniani na maneno? Tangu 1865, katika viwanda vya sigara vya Havana, Cuba, msomaji huketi mahali pa juu akiwasomea magazeti na riwaya wasokotaji. Zamani mshahara wake ulitoka mifukoni mwao. Riwaya ya The Count of Monte Cristo iliwakolea hadi sigara ikapewa jina la Montecristo.